Gari Lililokula Posho

Nilikuwa chali chini ya gari, shati limenasa kwenye ekzosi, spana mkononi, nikitafuta nati ya kumwagia maji ya rejeta, pale mama mkwe wangu alipouliza kutoka jikoni ni nani anayeunguza posho.

Hakuniuliza mimi. Mama mkwe haniulizi kitu. Aliiuliza hewa.

"Nani anaunguza posho huko nje?"

Posho kwetu Uganda ni ugali wa mahindi. Nilimjua anayeunguza posho. Alikuwa rejeta yangu, futi moja juu ya pua yangu.

Kwa mliopata gazeti la leo likiwa limefungia sabuni, na la wiki iliyopita hamkulipata, nieleze kwa kifupi. Mimi ni Kirunda wa Walukuba, Jinja, fundi wa magari niliyejifundisha mwenyewe kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika kwetu na askari waliokuwa wakikimbia wakawa wanabeba kila chenye magurudumu, nililificha gari langu kwa mjomba Bogere, Buwenge, chini ya lundo la mabua ya mahindi. Mke wangu Namono nikamwambia askari wamelichukua. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Habari ndiyo haikuwa ya kweli.

Siku mbili baadaye tukaikimbia Walukuba kwa miguu. Namono alikuwa na cherehani yake kichwani, chuma kitupu, mpaka Buwenge. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba mikeka na siri. Tulikaa kwa mjomba wiki tatu. Namono akalala wiki tatu sakafuni, hatua thelathini kutoka kwenye viti vya gari. Siku ya ishirini na mbili akamfuata kuku aliyekuwa akificha mayai, akapenyeza mkono kwenye mabua, akashika kitasa cha mlango.

Hakupiga kelele. Alitoa mayai manne, akayachemsha, akanipa mawili. Nikayala. Kesho yake akaenda kwao Mbale na cherehani yake, na tangu siku hiyo mimi na mayai hatuelewani.

Ukapita mwaka. Ndipo baba yake, Mzee Masaba, alipotuma neno: gari lililokuwa na thamani kumzidi mwanawe lije Mbale lenyewe, liingie uani kwake lenyewe, na litoke lenyewe, Namono akiwa kiti cha mbele na watu wa soko wakitazama. Likishindwa, yaishe. Namono akaongeza sharti lake moja: nisimdanganye tena, hata kuhusu chumvi. Na kama yataisha, Jumapili saa moja asubuhi atapanda basi la Kenya, maana shangazi yake wa Kitale amempatia nafasi kwenye karakana ya ushonaji.

Siku ninayoisimulia leo ilikuwa Ijumaa.

Wiki iliyopita niliwaacha Iganga, rejeta inavuja kama mtoto mwenye mafua, mimi nimesimama na mfuko wa unga wa mahindi. Wasomaji kadhaa wameandika kuuliza niliufanyia nini. Mmoja wa Buwenge ameandika neno moja tu: "Usiuweke." Ahsante, ndugu. Barua yako imechelewa miaka kadhaa.

Nakiri. Niliuweka.

Sasa mwenye gari kuukuu asikie vizuri, maana haya nimeyalipia kwa ngozi. Rejeta ikivuja mbali na fundi, dawa ya njiani ni ute wa yai moja. Ute tu, si kiini. Unasubiri ipoe, unafungua kifuniko kwa kitambaa, unauingiza, unawasha injini. Maji yakichemka ute unakwenda wenyewe kwenye tundu, unaiva, unaziba. Utafika nyumbani, kisha utaiosha rejeta na kuipeleka ikachomelewe. Hiyo ndiyo kazi ya yai.

Pale Iganga mama mmoja alikuwa na mayai kikapu kizima, hatua tano kutoka nilipokuwa. Nikayatazama. Yakanitazama. Nikanunua unga.

Kijiko cha kwanza kilipunguza matone. Cha pili kikayapunguza tena. Nikasema, kama kijiko kinatuliza, kikombe kitaponya. Hapo ndipo akili ya fundi ilipoishia na akili ya mwenye gari ikaanza. Niliweka vikombe vitatu na nusu.

Gari lenyewe linaitwa Senga, jina ambalo Wasoga tunampa dada wa baba. Ni la zamani, ni nene, halipendi kuamshwa asubuhi, na likisema kitu limekisema. Limewahi kumilikiwa na haji mmoja, kisha na mchungaji, kwa hiyo njia nzima kutoka Iganga niliomba dini zote mbili. Lilisimama mara kumi na moja. Kila nikilijaza maji lilikuwa linakunywa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi kwamba halivuji.

Na kweli likafika Mbale lenyewe. Likapanda kilima lenyewe. Likaingia uani kwa Mzee Masaba lenyewe, likitoa mvuke mbele na moshi nyuma, kuku wakitawanyika, na mpangaji wao, Afande Ojok, askari wa magereza, akatoka chumbani kwake na fulana na buti kuniongoza kwa mikono miwili.

"Njo! Njo! Njo! Kata kona! Njo!"

Nikakata kona kati ya nyumba kubwa na jiko. Senga akatetemeka, akapiga chafya, akazima.

"Simama!" akaamuru Afande Ojok.

Senga alikuwa amekwisha kusimama. Na aliposimama, ubavu wake ulikuwa umeubana mlango wa jiko. Mlango huo hufunguka kwa nje. Sasa ulifunguka upana wa kiganja, basi.

Ndani ya jiko alikuwamo Nabifo, mama mzazi wa mke wangu, na sufuria ya maharage.

Wasiojua desturi zetu niwaambie. Kwa Wasoga na kwa Wagisu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawagusani. Hawapishani njiani. Wakikutana, mmoja anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni upupu. Pale Walukuba nimewahi kumwona karani mtu mzima, ana tai shingoni, akishuka kwenye mtaro wa maji machafu kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja na kikapu cha viazi.

Kwa hiyo Nabifo hakuweza kutoka. Na mimi, niliyekuwa nimekwisha kuingia chini ya gari kabla ya kumaliza salamu, sikuweza kutoka pia, maana nikichomoza kichwa ningetazamana na ule upenyo wa mlango.

"Mama," Mzee Masaba akaita, "pitia dirishani."

"Niruke dirisha nina wajukuu saba?" sauti ikajibu. "Mimi niko jikoni mwangu. Aliyekwama ni yeye."

Mzee Masaba akaleta kigoda, akakaa mbele ya gari. Chini kule nilikuwa nawaona watu kwa miguu tu. Yeye alikuwa kandambili za matairi na kucha nene kama maganda ya konokono.

"Mkwe," akasema, "gari limefika."

"Limefika, baba."

"Sasa tunangojea liondoke. Nilisema liondoke lenyewe. Sikusema lifukuliwe."

"Naliangalia, baba."

"Liangalie. Jumapili si mbali."

Hapo ndipo harufu ilipoingia jikoni na swali la posho likatoka. Na kwa kuwa mama mkwe asingeweza kusema nami, wala mimi naye, kazi ikamwangukia Afande Ojok. Yeye si Mgisu, si Msoga, wala si ndugu wa mtu pale.

"Mimi iko mupangaji tu," alisema. "Mimi natazama kila mutu."

"Afande," Nabifo akaita, "muulize huyo mtu gari lake linachemka nini."

Buti zikaja karibu na sikio langu. "Wewe mutu ya Jinja! Mama nataka ripoti! Gari nachemka nini?"

"Maji, Afande."

"Mama, nasema maji."

"Maji hayanuki posho."

"Mama nasema wewe iko muongo."

"Sikusema hivyo, Afande."

"Bado," nikasikia kutoka mlangoni. "Bado sijasema."

Miguu mingine ikatoka nyumba kubwa. Haikuwa na viatu. Niliitambua kabla haijafika, maana nimeishi na miguu ile miaka sita. Ikasimama kando ya gurudumu. Kisha Namono akachutama, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka nikauona uso wake, umelala ubavu, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Kirunda."

"Naam."

"Umesafiri salama?"

"Salama."

"Mama ananusa posho."

"Labda kwa jirani."

Namono akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili. Nyumba ya jirani ilikuwa ng'ambo ya shamba la migomba.

"Umeweka kitu kwenye rejeta?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi. Sharti lilikuwa moja tu, na swali lilikuwa rahisi. Lakini mtu akiwa chali na baba mkwe anasikiliza, ulimi unatafuta pa kujificha.

"Maji," nikasema.

"Maji tu?"

"Maji ya Iganga."

Hakubishana. Alinitazama jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Basi fungua tuyaone."

Sikufungua upesi. Kosa langu moja lilinitosha siku hiyo. Rejeta ya moto haifunguliwi, juu wala chini; nimeona mtu pale stendi ya Jinja aliyefungua kifuniko kwa haraka, na mpaka leo anaitwa Madoa. Nikangoja nusu saa. Namono naye akangoja nusu saa, amechutama vilevile. Mzee Masaba akaomba chai. Chai haikuja, kwa sababu jiko lilikuwa limefungwa na gari.

Nikalegeza nati. Nikaitoa.

Hakikutoka kitu.

"Maji ya Iganga mapole," akasema Mzee Masaba.

Nikachukua waya, nikachokoa kidogo. Kikatoka kitu cheupe, kinene kama kidole gumba. Kikaning'inia. Kikafikiri. Halafu kikaniangukia kidevuni, na nyuma yake yakaja mengine, ya uvuguvugu, mazito, shingoni, kifuani, mpaka ndani ya sikio.

Buti zikasogea. Afande Ojok akainama, akachota kidogo kwenye shati langu kwa kidole, akaonja.

"Hapana chumvi," akasema.

Mzee Masaba alicheka mpaka kigoda kikalia. Ndani ya jiko, Nabifo aliyeendesha kinu cha kusaga miaka kumi na mbili hakucheka.

"Afande, mwambie huyo mtu unga wake ulisagwa kwa mahindi mabichi. Ndiyo sababu umeshika hivyo. Nani kamuuzia?"

"Mama nasema hata kununua unga wewe hapana jua!"

Mimi nilikuwa natazama miguu ya Namono. Ilikuwa imesimama. Ikageuka. Ikaanza kurudi nyumba kubwa, bila haraka, kama ilivyoondoka Buwenge.

"Niliweka unga!" nikapiga kelele. "Namono! Vikombe vitatu!"

Miguu ikasimama.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Vitatu?"

"Vitatu na nusu."

"Ile nusu ulikuwa unamwekea nani?"

Nikapangusa posho sikioni. Lakini hakuingia ndani. Akarudi, akaketi juu ya jiwe la kunolea panga, akakunja miguu. "Fanya kazi yako," akasema. "Mimi nitakuwa nauliza."

Nikafanya kazi. Kwanza nikamwomba Afande achomoe kijiti cha kupimia oili anionyeshe. Mwenye gari kuukuu, hili usilipite: gari likichemka sana, usikimbilie kuwasha tena. Tazama oili. Ikiwa nyeusi, shukuru. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, gasketi ya kichwa cha injini imekufa, na ukiwasha utaua injini nzima. Mimi nilikuwa na mpaka Jumapili. Gasketi mwaka ule ilikuwa haba kuliko sukari.

"Iko nyeusi," akasema Afande Ojok. "Kama buti."

Nikafumba macho nikashukuru dini zote mbili.

Nikalegeza mipira, wa juu na wa chini, nikafungua boliti nne, moja moja, nikizipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano wa kutoka. Nilipokuwa kwenye ya tatu, Namono akauliza.

"Kule Buwenge, nani mwingine alijua?"

"Alijua nini?"

"Kirunda."

"Mjomba Bogere."

"Na nani?"

"Mkewe."

"Na nani?"

Boliti ilikuwa imelegea, lakini niliendelea kuizungusha. "Majirani. Wa pande zote mbili. Walisaidia kubeba mabua."

"Na nani?"

"Katekista. Na yule mama muuza chumvi."

"Na kuku," akasema Afande Ojok.

Hakuna aliyecheka. Hata Mzee Masaba. Afande akakohoa, akaenda kutazama gurudumu la nyuma ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Nilikuwa nawasalimia watu hao kila asubuhi," Namono akasema. "Mama wa chumvi aliniuliza kama shingo bado inaniuma kwa ile cherehani. Nikamwambia inauma. Akanipa pole."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichojibu pale. Sikujibu. Niliogopa kwamba Namono akijua, atataka tutoroke nalo, na tukitoroka nalo watatuua njiani kwa ajili yake. Hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nalipenda lile gari, na nilitaka pawe na kitu kimoja katika vita vile ambacho hakuna mtu angekigusa, hata yeye. Nayaandika leo kwa kuwa karatasi haina miguu ya kuondoka.

Rejeta ikashuka kifuani pangu kama mtoto mzito. Nikaisukuma nje, Afande akaivuta. Ilikuwa imejaa. Kila mrija ulikuwa na posho yake, na iliyo karibu na injini ilikuwa imeungua hudhurungi, ukoko mtupu.

Nikatoka upande wa mbali na jiko, mgongo nimeupa mlango, nikachukua njiti ya gurudumu la baisikeli nianze kuchokoa.

Kwaru, kwaru.

"Afande!" Sauti ya Nabifo ilikuwa kali kwa mara ya kwanza. "Mwambie aache kukwangua!"

"Wacha! Mikono juu!"

Nikainua mikono, na njiti yangu.

"Hiyo ni shaba nyembamba. Akikwangua atatoboa, halafu ndipo atajua bei ya mayai. Posho iliyoungua inalowekwa. Ndani ya maji ya majivu, mpaka kesho. Asubuhi atasukuma maji kutoka chini kwenda juu, si juu kwenda chini kama mjinga, na uchafu utarudi ulikotoka."

Afande Ojok akavuta pumzi ya kutafsiri. "Mama nasema..."

"Nimesikia, Afande."

"Hapana sikia! Ngoja mimi naseme!"

Nikangoja, akasema. Alipunguza maelezo, akaongeza matusi. Lakini tangu siku ile nimeosha rejeta mia na zaidi, zote kutoka chini kwenda juu, na maji ya majivu nayatumia kwa shaba tu, si kwa aluminiamu, maana hiyo yanaila. Wanafunzi wangu wakiniuliza nilisomea wapi, nasema Mbale. Sisemi ilikuwa nyuma ya mlango wa jiko.

Maji yale hayakosekani nyumba ya Kigisu. Majivu huwekwa kwenye chungu chenye matundu, maji yanapitishwa, yanatoka na rangi ya chai, yanalainisha maharage. Nabifo aliyapitisha dirishani, madumu mawili. Tukailaza rejeta ya Senga ndani ya nusu pipa. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja.

Mzee Masaba akachungulia. "Hiyo itakuwa tayari lini?"

"Kesho asubuhi, baba."

"Kisha?"

"Niioshe, niirudishe, nizibe lile tundu la Iganga."

"Kwa kitu gani?"

Nikalitazama pipa. "Kwa yai, baba."

Namono akageuza uso upande wa migomba. Mabega yake yalitikisika kidogo. Sijui kama alicheka. Sitaki kusema kitu ambacho sikukiona.

Njaa ikamfanya Mzee Masaba aruhusu, tukalisukuma gari nyuma hatua nne, mimi nimefunikwa gunia kichwani, Afande akipiga amri kama anahamisha mahabusu. Mlango wa jiko ukafunguka. Nikasikia hatua za mtu mzito zikipita mbele yangu, zikasimama, na sauti ikaiambia hewa:

"Maharage yapo. Afande, mpe huyo mtu sahani. Mwambie yana chumvi."

Kisha hatua zikarudi jikoni, na mwiko ukaanza kugonga sufuria.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba, lakini mwanga bado ulikuwepo wa kusomea gazeti. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kesho. Nikakusanya spana, nikazifuta, nikafungua kifuniko cha distribyuta.

Hii ni tabia ya wakati wa vita, na wengi wenu mliokuwa na magari mnaijua. Ndani ya distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, kuna kitu kidogo kinaitwa rota, ukubwa wa mbegu ya parachichi. Bila hiyo gari haliwaki hata ukiliimbia. Usiku watu walikuwa wanaitoa na kulala nayo, mwizi aje asukume mpaka achoke. Nilikuwa nimeichomoa na ninaipuliza vumbi, niliposikia nyuma yangu:

"Nipe."

Namono alikuwa amenyoosha mkono.

"Hii ni rota," nikasema. "Ndiyo inayo..."

"Najua ni nini. Nimekaa na wewe miaka sita. Nipe."

Nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga, akaifunga kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili.

"Kesho utamaliza rejeta yako," akasema. "Jumapili, nikiamua kukaa kiti cha mbele, nitakurudishia. Nikiamua basi, nitaiacha kwa baba, akupe nikishafika Kitale. Mpaka hapo, zamu hii nalificha mimi."

"Sawa," nikasema.

Na nilikuwa namaanisha sawa. Nilihisi wepesi ambao sikuwa nao tangu Buwenge. Mtu ananinyang'anya gari na mimi napumua.

Akaanza kwenda. Ndipo nilipokumbuka soksi yangu ya kushoto.

Fundi wa miaka ile hakuwa na rota moja. Rota moja ikipasuka, umekuwa mtembea kwa miguu. Mimi nilikuwa na ya pili, imefungwa kwenye nailoni, ndani ya soksi, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Imekaa humo muda mrefu hata ngozi imezoea. Nayo naweza kuwasha Senga kesho, keshokutwa, saa yoyote nitakayo, Namono atake asitake. Na hakuna mtu duniani aliyejua. Safari hii hata mjomba Bogere hakujua.

Namono akafika mlangoni. Akaweka mkono kwenye fremu. Akageuka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuuliza jambo dogo.

"Kirunda. Ni hii moja tu?"

Mzee Masaba akaacha kutafuna. Buti za Afande Ojok zikatulia. Ndani ya jiko, mwiko ukaacha kugonga sufuria.